Kifua Gani Hicho Kisichopona? Mwambieni Mtoto Anakunywa Dawa ya Nini



Leo hatukuja na mapishi, wala mshono mpya, wala namna ya kufukiza udi nguo za bi harusi. Leo tumekuja na ugomvi. Tunagombana na uwongo mmoja unaozunguka majumbani mwetu, Unguja na Pemba, uwongo unaosemwa kwa sauti ya chini na watu wenye mapenzi makubwa. Mtoto anaishi na virusi vya ukimwi, kazaliwa navyo, anapewa kidonge kila siku ya Mungu, na akiuliza ni cha nini anaambiwa dawa ya kifua. Au vitamini. Au ya pumu, au ya kuongeza damu. Kifua gani hicho kisichopona miaka 10?

Tuseme msimamo wetu mapema, asiye na muda asome hapa aondoke. Mtoto aliyeanza skuli ana haki ya kuanza kujua kinachoendelea mwilini mwake, kidogo kidogo kwa kadiri ya akili yake, na kabla hajabaleghe awe ameshalijua jina la maradhi yake kutoka kwa mtu anayempenda. Sio kutoka kwenye karatasi ya ndani ya boksi la dawa. Sio kwa jirani siku ya ugomvi wa maji. Na sio, na hapa tunawataka bi harusi na mama zao watusikilize vizuri, kwenye kliniki ya wajawazito akiwa na mimba ya miezi minne.

Haya si maneno yetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2011 kuhusu jambo hili hili, kuwaambia watoto wa hadi miaka 12 kuhusu hali yao. Walizipitia tafiti zilizokuwepo, wakaona kwamba mtoto kujua kuna faida kwa afya yake, na ushahidi wa kuwa kunamuumiza nafsi ni mdogo. Wakapendekeza watoto wa umri wa skuli, miaka 6 hadi 12, waambiwe. Na walio chini ya hapo waelezwe hatua kwa hatua kwa kadiri wanavyofahamu. Tangu 2011! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni kijana wa sekondari, na yuko ambaye mpaka leo anakunywa "vitamini".

Watu wazima wana dhana ya ajabu kwamba mtoto asipoambiwa basi hajui. Hebu mfikirieni mtoto mwenyewe. Nyumba ina watoto watano, yeye peke yake anaitwa chumbani usiku saa mbili. Kopo la dawa limebanduliwa lebo, au vidonge vimehamishiwa kwenye kopo la maziwa. Kila baada ya muda anatolewa skuli kwenda hospitali, anaambiwa asimwambie mwalimu. Akikohoa tu nyumba nzima inataharuki. Wageni wakija dawa zinafichwa chini ya godoro. Shangazi akimuona na wembe wa kukatia kucha anamnyang'anya kwa ukali ambao hajawahi kumfanyia mtoto mwengine. Mtoto huyu hajui jina la maradhi, lakini ameshaelewa yaliyo mabaya zaidi kuliko jina: kwamba yeye ana kitu, kwamba kitu hicho ni cha kutisha, na kwamba watu anaowapenda hawawezi hata kukitamka.

Na hapo ndipo moyo wake unapoanza kuharibika, si siku anapoambiwa. Mama anatwambia, "Mwanangu amekuwa mkimya, darasani ameshuka, usiku anaota vibaya, sijui ana nini, labda kuna mtu kamuangalia." Hakuna aliyemuangalia, bibi. Anakuangalieni nyinyi.

Kuna binti mmoja, na mengine yake tunayastiri, ambaye alilelewa na bibi yake baada ya wazee wake kufariki. Aliambiwa ana upungufu wa damu. Akiwa na miaka 13 alifundishwa ukimwi skuli, mwalimu akataja majina ya dawa ubaoni. Jina moja alikuwa amelisoma kwenye kopo lake. Hakumwambia mtu. Alirudi nyumbani, akala chakula chake, na tangu siku ile kila usiku alikuwa akitia kidonge mdomoni, anakunywa maji, kisha anakwenda kukitema chooni. Aliendelea hivyo miezi. Bibi wa watu anahesabu vidonge, hesabu inatimia, anamshukuru Mungu. Siku virusi vilipopimwa wingi wake vikaonekana vimepanda, daktari akamuuliza binti mbele ya mshauri nasaha kwa nini hanywi, jawabu lake lilikuwa fupi: "Kwani mimi naumwa nini? Si damu tu?" Alikuwa anawarudishia uwongo wao. Wenye kusoma Kiswahili wanajua kilichokuwa ndani ya maneno yale.

Alipona, alhamdulillah, maana alibadilishiwa dawa na akakubali kuzungumza. Si wote wanaopata nafasi ya pili. Dawa hizi zina kanuni yake: ukizinywa kila siku virusi vinalala, ukiziruka ruka virusi vinazizoea, vinakuwa sugu, na dawa iliyokuwa inatosha haitoshi tena. Mtoto wa miaka 6 utamshika pua ukamnywesha. Wa miaka 14 huwezi. Umri ule mtoto anakataa hata kuambiwa avae nini siku ya Idi. Atakunywaje kila siku, maisha yake yote, kitu asichojua ni cha nini? Uwongo unaweza kumnywesha dawa mtoto mdogo. Kijana anahitaji sababu.

Sasa tuje kwenye hoja tunazoletewa, maana tunaletewa nyingi, na zote tunazijua kwa sauti.

"Bado mdogo." Mdogo wa nini? Mtoto wa miaka 7 tunamfundisha sala, na akifika 10 tunamkazania. Tunamwambia habari za kifo, kaburi, na siku ya hesabu. Anahifadhi juzuu nzima kwa moyo. Kwa hayo yote ni mkubwa, ila kuambiwa kwamba damu yake ina kidudu kinachohitaji dawa, hapo ni mdogo! Yule mtoto wa Afrika Kusini, Nkosi Johnson, aliyezaliwa na virusi, alisimama Durban mwezi wa Julai mwaka 2000 akiwa na miaka 11, mbele ya mkutano wa dunia wa ukimwi, akazungumza juu ya maradhi yake na juu ya mama yake bila kupepesa macho. Alifariki mwaka uliofuata, kwani dawa hizi tulizonazo leo hapa kwetu bure, wakati ule watoto wengi wa Afrika hawakuzipata. Hatusemi kila mtoto apande jukwaani. Tunasema kifua cha mtoto kina nafasi kuliko mnavyodhani.

"Atawaambia watu." Hii ina uzito, hatuikejeli. Visiwa vyetu vidogo, habari inatoka Mkokotoni asubuhi, adhuhuri iko Makunduchi. Na kwa kuwa hapa kwetu wanaoishi na virusi ni wachache, chini ya asilimia 1 ya watu wazima, mwenye hali hiyo anajiona yuko peke yake kisiwa kizima, na watu wanaogopa zaidi kwa sababu hawajazoea. Lakini angalieni: mtoto anayeropoka ni yule asiyejua anachobeba. Yeye ndiye anayemwambia mwenzake skuli, "Mimi nakunywa kidonge cheupe kila usiku, mama anakificha kabatini." Aliyeambiwa na akafundishwa ya nani ajue na ya nani asijue, huyo hunyamaza vizuri kuliko wakubwa. Watoto wetu tunawafundisha tangu wadogo kwamba kuna sehemu za mwili hazioneshwi kila mtu, wala hatuwafundishi kuwa sehemu hizo ni chafu. Basi hili nalo liko hapo hapo. Kuna siri na kuna aibu, na ni vitu viwili. Siri unaiweka wewe mwenyewe, umeishika mkononi. Aibu unawekewa na watu. Mtoto anayefichwa hapewi siri, anapewa aibu tupu bila ya maelezo.

"Dini inatufundisha sitara." Naam, inatufundisha. Tunasitiri aibu ya mwenzetu isifike kwa watu. Lakini tangu lini sitara ikawa kumficha mtu mwili wake mwenyewe? Mtoto ni amana, na afya yake ni amana ndani ya amana. Mwenye amana yake akiuliza iko wapi, hujibiwi kwamba ulimsitiri. Tena maradhi si aibu ya kusitiriwa. Nabii Ayyub, alayhi salaam, alipewa mtihani wa maradhi, na hakuna Muislamu anayelitaja jina lake ila kwa heshima.

Na papo hapo tuna neno na walimu wetu wa chuo na wenye kutoa mawaidha. Kila ukimwi unapotajwa, unatajwa pamoja na zinaa, na adhabu, na mwisho mbaya. Tunaelewa nia: vijana waogope haramu. Lakini katika wale watoto 40 waliokaa mkekani, yupo mmoja aliyezaliwa nao. Anasikiliza. Anafikiri juu ya mama yake, pengine marehemu, na anajiuliza alifanya nini. Dini yetu inatwambia mtoto huzaliwa safi na hakuna anayebebeshwa mzigo wa mwengine. Basi lisemwe na hilo, kwa sauti ile ile kubwa. Sentensi moja tu, kwamba wako wanaoupata bila ya kosa lolote, watoto na wake waliotulia majumbani mwao, ingemfanya mtoto yule arudi kesho chuoni.

Tukiwa hapo hapo, tuseme na lile la kusimamishiwa watoto dawa kwa kuwa kuna mtu kasoma dua akasema ameshapona. Ruqya ni haki, dua ni silaha ya Muumini, na habbat sauda kaangeni, kunyweni, jipakeni. Lakini anayemwambia mzazi amwachishe mtoto dawa, huyo anacheza na roho isiyo yake. Kipimo kinachoonesha virusi "havionekani" hakina maana vimekwisha. Kina maana dawa inafanya kazi. Ukiiacha vinarudi. Tumemaliza na hilo.

Sasa hoja yenyewe hasa, ile ambayo haisemwi wazi na ndiyo iliyo chini ya zote: "Ataniuliza mimi nimeupata wapi." 

Mama mwenzetu, hapa hatukugombezi. Tunajua. Mtoto akiambiwa, suali la pili au la tatu linakwenda kwa mama, na nyuma ya mama yupo baba, na nyuma ya baba pana mambo ambayo mlikubaliana, au hamkukubaliana, yasizungumzwe. Wengi katika nyinyi mliupata ndani ya ndoa halali, mmevaa pete, mmefunga milango. Wengi mlijua mkiwa mjamzito, au baada ya mtoto kuugua. Na mzigo wa kumwambia mtoto umeachiwa nyinyi. Kliniki ukifika, waliokaa na watoto ni mama, bibi, khalati, mama wa kambo mwenye huruma. Kina baba wako wapi? Baba anakuja kuoza binti, anakuja kupokea mahari, siku ya kumwambia binti yule kwa nini anakunywa dawa ana safari ya Dar. Tunalisema na litakalokuwa liwe.

Lakini mama, jawabu lipo na si refu. "Nilikuwa nao nami sijajua. Ulipita kwangu ukakufikia wakati wa kuzaliwa au kunyonya. Sikukusudia. Nilipojua nilikimbilia dawa, zako na zangu, na mpaka leo tunakunywa pamoja." Basi. Hulazimiki kumfungulia mtoto wa miaka 10 kurasa zote za ndoa yako. Akikasirika, mwache akasirike. Hasira ya mtoto kwa mama aliye mbele yake anayemjibu inapita. Hasira ya mtoto aliyegundua kuwa amedanganywa miaka yote, hiyo hukaa. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayeumbuka si mficha, ni mtoto.

Na wenye kulea mayatima: usimwambie mtoto mama yake alikufa kwa homa kisha siku moja akajumlisha mwenyewe. Mpe mama yake wa kweli, aliyeumwa, aliyempenda, aliyefariki akiwa anajaribu.

Mnatuuliza namna. Haya, namna yenyewe haina uchawi, ila inataka muda, na watu wetu wanataka kikao kimoja, waseme, walie, iishe. Haiwi hivyo. Mtoto wa miaka 4 au 5 unamjibu alichouliza tu: dawa hii inakufanya usiumwe. Kweli tupu. Akifika 6 au 7 mwambie damuni mwake mna askari wanaomlinda, na kuna kidudu kinachopenda kuwapiga askari wale. Dawa inakilaza kidudu, ndiyo maana tunainywa kila siku, maana tukisahau kinaamka. Mpe hadithi hiyo muda mrefu. Mwache aichore, aulize, akueleze yeye wewe. Siku akikujia na miaka yake 9 au 10 na hadithi anaijua kama jina lake, kilichobaki ni kukipa kidudu jina. Hapo mtoto haangukiwi na dari. Anaongezewa neno moja kwenye jambo analolijua. Tofauti na yule wa vitamini, ambaye siku ya ukweli inabidi kwanza avunjiwe uwongo wote, ndipo ajengewe upya, na katikati ya hapo hana pa kushika.

Chagueni siku ya kawaida. Si usiku wa kuamkia mtihani, si msibani, si siku ya kugombana. Asemeshwe na anayemlea, nyumbani au kliniki, na mshauri nasaha wa kliniki yupo kwa kazi hiyo, muombeni mkae naye kabla, akufanyisheni mazoezi ya maneno. Msijae ukoo mzima chumbani. Mtu mmoja, wawili. Na mkishasema, nyamazeni. Huu ndio udhaifu wetu mkubwa: mtoto akishusha macho tu, sisi tunaanza kumwaga nasaha, mitihani ya Mungu, subira, kitabu kizima. Mwacheni. Atakaa kimya, au atauliza akacheze. Hajapuuza, anakwenda kulifikiria na mpira mguuni. Masuali yatakuja baada ya wiki, mnapokuna nazi, mkiwa garini, taa ikishazimwa. Nitakufa? Nani anajua? Mdogo wangu anao? Kwa nini mimi? Nitaolewa? Kila moja lina jawabu la kweli. Kwa lile la "kwa nini mimi na sio Asha," jawabu la kweli ni kwamba si kila mtoto wa mama mwenye virusi huambukizwa, wengine hupata wengine hawapati, na hakuna alichokosa yeye. Mama asiyekuwa kwenye dawa, kati ya watoto 100 huambukizwa 15 hadi 45. Akiwa kwenye dawa vizuri hushuka chini ya 5. Mtoto wa darasa la 5 anaelewa hesabu hii.

Kisha mtazameni. Kuna anayeanza kukojoa kitandani, kuna anayekataa kula, kuna anayekuwa mkali kama pilipili, kuna anayekuwa mtiifu kupita kiasi, na huyu ndiye wa kuogopwa. Mtiifu ghafla amejifunza kwamba yeye ni mzigo na anajaribu kuupunguza. Mkumbatie bila ya kumtaka chochote. Mpeleke akutane na wenzake wanaotumia dawa, kliniki nyingi zina siku ya watoto na vijana, maana maneno yetu yote hayafiki robo ya kile anachopata mtoto akiona mwengine wa umri wake akitoa kopo kama lile lile mfukoni na kucheka. Na chakula chake, kikombe chake, kitanda chake viwe vile vile vya jana. Mkianza kumtengea sahani baada ya kumwambia, basi mngenyamaza tu.

Ramadhani nayo huleta kitimtim. Vijana wengi siku hizi wanakunywa kidonge kimoja kwa siku, na cha mara moja kwa siku hunywewa usiku, kwa futari au kwa daku, saa ile ile. Kazungumzeni na kliniki Shaabani, msingoje mwezi uandame. Asiyejua kwa nini anakunywa, huyo Ramadhani ndiyo mwezi anaoacha, maana anaona "vitamini" si dharura ya kufungulia mdomo alfajiri.

Tumefika kwa bi harusi, na hapa ndipo tulipokuwa tunaelekea tangu mwanzo.

Kile kizazi cha kwanza cha watoto waliozaliwa na virusi wakawahi dawa, kimekua. Ni mabinti wa miaka 18, 20, 22. Wamependeza, wamehitimu, posa zinakuja. Na ziko nyumba ambazo mshenga ameshapokewa na kahawa, mahari imeshatajwa, na binti mwenyewe hajui kwa nini anakunywa kile kidonge. Ziko nyumba nyengine binti anajua na ameamriwa anyamaze, "ukishaolewa Mungu atajua." Mungu anajua sasa hivi. Anayeachwa asijue ni kijana wa watu.

Tukubaliane kwamba hiyo ni dhulma, na ni dhulma kwa wawili. Mume ameingizwa kwenye ndoa macho yamefungwa. Mke ameingizwa kwenye ndoa ambayo lazima afiche dawa chini ya godoro, kama alivyofundishwa utotoni, na siku za fungate, mume yuko chumbani mchana na usiku, atakunywa saa ngapi? Ataacha. Akiacha virusi vinapanda. Vikipanda ndipo anapoweza kumuambukiza mume, na baadaye mtoto. Yaani uwongo uliosemwa kulinda harusi ndio unaoleta lile lile lililoogopwa. Angekuwa anakunywa waziwazi, mbele ya mume anayejua, lisingetokea.

Maana habari njema, ambayo wazee wetu wengi hawajaisikia, ni hii. Mtu anayekunywa dawa zake sawasawa, na kipimo cha wingi wa virusi kikaonesha havionekani, na akadumu hivyo, hamuambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Utafiti mkubwa ulioitwa HPTN 052 ulionesha mwaka 2011 kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa wenza kwa asilimia 96, na tafiti zilizofuata zikazidi kuthibitisha. Binti huyu anaolewa. Anazaa. Ananyonyesha, akiwa kwenye dawa na chini ya uangalizi wa kliniki. Mtoto wake anapewa dawa ya kinga baada ya kuzaliwa, anapimwa, na inshaallah anatoka salama. Kuna sababu gani ya kumdanganya mtu mwenye mustakbali kama huo?

Kwa familia zinazodai cheti cha kipimo kabla ya nikahi, hatuwalaumu kudai. Tunalaumu yanayofuata. Cheti kinapita kwa shangazi wa mume, kwa dada wa mume, kwenye kundi la simu la ukoo, mpaka kwa muuza mandazi. Kijana akisema amekubali, amezungumza na daktari, ameridhika, mama yake anazimia. Posa ikivunjika, ivunjike kwa heshima, na sababu ibaki kwa wawili wale. Aliyeoneshwa siri ya binti wa watu akaisambaza, asitafute neno jengine zuri. Hiyo ni usengenyaji na kuvunja amana.

Na masomo na makungwi wetu, mnaokaa na mwari siku saba ndani. Mnamfundisha singo, hina, udi, namna ya kumpokea mume, namna ya kukaa na mawifi. Mnamuuliza siku zake zikoje, ana pumu, ana kifafa, maana hutaki ushangazwe. Basi ongezeni suali moja mnapoitwa kufunda, mumuulize mama yake pembeni, kwa upole, mlango umefungwa: mtoto huyu kuna dawa anakunywa, na anajua ni ya nini? Jawabu likiwa anakunywa na hajui, rudisheni kanga za hedaya kwenye sanduku na mwambieni mama aanze leo, na mshauri wa kliniki awepo. Yapate kusemwa, kuliwa, kuulizwa, na kuzoeleka miezi kadhaa kabla. Usiku wa hina si wakati wake, na mkono wa binti ukishapakwa piko hauwezi hata kujifuta machozi.